Mkate wa Stefania katika Oveni Mpya

Jumatano ya Wiki Kuu, tarehe nane Aprili, nilitoa kwenye oveni mpya makopo matatu ya mkate wa Pasaka: juu mkaa, ndani uji. Nikaketi kwenye kiti cha marehemu mke wangu, Stefania, nikawalaani wakubwa wa mji mmoja mmoja.

Wao ndio waliokata gesi ya mtaa wetu. Walidai mabomba yamechakaa, wakatuletea majiko ya umeme yenye feni inayovuma kama nzi aliyenaswa chupani. Jiko lililozoea mkono wa Stefania wakalibeba kwa lori kama mzoga. Mimi shule niliiacha nikavune ngano, lakini hili nalijua: anayewaamulia watu jiko hajawahi kukanda unga.

Pasaka hii ilikuwa ya kwanza bila yeye. Jumamosi kapu letu lingekaa kanisani kwenye mstari wa makapu ya kubarikiwa, nami nilikuwa nimeapa kwamba mkate ndani yake utakuwa wa Stefania, si wa huruma ya mtu. Kwetu Manitoba, huku Kanada, wazee husema mkate wa Pasaka ukiharibika, mwaka wa nyumba hiyo nao umeharibika. Mwaka jana wetu ulitoka kama dhahabu, na bado Novemba tulimzika. Hata hivyo niliogopa.

Alhamisi harufu ya kuungua ilikuwa bado haijatoka, ikamleta Dosia Palamar, jirani yetu na shoga wa mke wangu. Akatazama makopo, akauliza mkate ulipokuwa ukiungua mimi nilikuwa wapi. Nikamweleza kwamba nilikaa sebuleni bila viatu, kimya, kama desturi inavyotaka: mkate huo ukiwa motoni hakuna kelele, wala mlango haufunguliwi, usije ukaporomoka.

"Shemeji, nani kakudanganya? Stefania alikuwa anafungua."

"Hakufungua hata siku moja."

"We umejuaje? Si tulikuwa tunawafukuza wanaume wote, mnaenda kukaa ghalani mnatafuna alizeti?"

Akanielekeza: nipunguze moto, maana feni huunguza juu kabla ndani hakujaiva, nisiiamini oveni ikilia kwamba iko tayari, niiache ipate joto zaidi, makopo niyaweke chini kabisa, na katikati ya safari nifungue, niyageuze, niyafunike kwa foili. Kisha akaenda zake.

Nilikanda upya. Wakati ulipofika, mkono wangu ulishika mpini wa mlango ukakataa kuvuta. Nikavuta. Vichwa vya mikate vikatikisika. Havikuanguka. Nikageuza, nikafunika, nikafunga polepole kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mikate ilitoka ya rangi ya asali, na kijiti nilichochomeka kikarudi kikavu. Nilikaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye oveni iliyokuwa bado na joto, na kwa muda mrefu hata wakubwa wa mji sikuwakumbuka.

Jumamosi Dosia alisimama kando yangu. Akaukagua mkate wangu, akaubonyeza kwa kidole, akaguna kwa kuridhika. Padri alikuwa akija na maji yake, kapu baada ya kapu. Nikamwinamia Dosia sikioni.

"Dosia, miaka yote ile mliyotutoa nje, mlikuwa mnasema nini juu yetu humo ndani?"