Bima Kama ya Octavian

Donati alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba chenyewe kilikuwa na jina: Octavian. Wanaume hawa walioa ndugu wa tumbo moja, mabinti wa Mzee Yared wa Berega. Donati alimwoa Magreti, dada mkubwa, na Octavian akamwoa Editha, kitindamimba. Kwa hiyo kila walipokwenda ukweni, Donati ndiye aliyestahili kuketi karibu na mzee na kunawa kwanza. Haki hiyo aliilinda kuliko macho yake.

Kila mmoja alikuwa na gari aina ya Noah. Donati na Magreti waliuza shamba lao la Masanze kuinunua ya kwao, na ndiyo iliyopeleka mchele wa Magreti sokoni Mikumi na kuwalisha. Octavian alikuwa mkazi wa Mikumi, na Noah yake ilikuwa kuukuu kuliko ya Donati. Kwa sababu hiyo Donati alilala usingizi mnono.

Ikaja siku ya kipaimara cha mjukuu wa mzee. Donati aliwahi Berega, akaegesha mbele ya mlango ili kila mtu aone. Hajakaa sawasawa, likaingia gari jeupe, jipya, linang'aa mpaka kuku wakakimbia. Akashuka Octavian.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umenunua lingine?"

"Hapana, baba. Langu liko gereji. Lori lilirusha jiwe pale barabara ya hifadhini, kioo cha mbele kikapasuka. Hili nimepewa na watu wa bima, nitumie mpaka langu lipone."

Nani alisikiliza? Mzee Yared alikwisha kuzunguka gari, akafungua mlango, akajiweka siti ya mbele. "Kanisani mimi nakwenda na hili," akasema. Siti ya mbele ya Donati, ambayo Magreti aliitandikia kitenge kipya kwa ajili ya baba yake, ikaenda kanisani tupu. Donati aliona wivu, wivu wa kweli, ule unaokausha mate. Pilau ya siku ile aliitafuna kama makapi.

Jioni akamvuta Octavian pembeni, akajifanya anauliza tu. Octavian, mtu asiye na hila, akamweleza yote: ana bima kubwa, na juu yake ameongeza kioo, kugonga mnyama na gari mbadala.

"Lakini wewe, mwanyumba, ukikata yako ongeza mafuriko. Nyumba yako iko mdomoni mwa mto Mkondoa."

Donati akaitikia kwa kichwa. Moyoni akasema: huyu anataka mimi nichukue ya maji, yeye abaki na magari meupe.

Bima yake ilipoisha, akaenda kwa Happyness, wakala wa bima pale Kilosa mjini. "Nataka kama ya mwanyumba wangu Octavian," akasema, akazitaja nyongeza zote tatu.

"Na mafuriko, kaka? Kwenye bima hii maji hayamo mpaka uyaongeze."

"Octavian anayo?"

Happyness akacheka. "Kule kwake mafuriko yatoke wapi?"

"Basi hata mimi sina haja nayo."

"Nyongeza mtu huchagua kwa shida zake, kaka. Acha hii ya mnyama, uweke ya mafuriko. Bei hazipishani."

"Dada, nimesema kama ya Octavian."

Akalipia mnyama. Pundamilia wa kuingia uani kwa Donati, Kilosa mjini, hajazaliwa, lakini alilipiwa. Tangu hapo kila safari ya Mikumi Donati alijibana nyuma ya malori, akiomba jiwe.

"Baba Gerald, mbona unataka kulibusu hilo lori?" Magreti aliuliza, amelishika begi lake kwa mikono miwili.

Jiwe halikuja. Ilikuja masika, na alfajiri moja Mkondoa ikaja yenyewe, ikapita uani na kuinywesha Noah tope mpaka kwenye usukani. Magunia ya mchele yalikuwa ndani, tayari kwa soko. Maji yalipopungua Donati akampigia Happyness, simu ikiwa sauti ya juu, Magreti amesimama kando.

"Pole sana, kaka. Hayo ni mafuriko. Bima haitalipa."

"Basi nipeni gari mbadala. Niliongeza."

"Gari mbadala hutolewa pale bima inapolitengeneza lako. Hili hailitengenezi."

Donati akauliza, kwa sauti ya chini: "Na lingekuwa la Octavian, mngelipa?"

"Hapana. Naye hana mafuriko."

Donati akashusha pumzi. Ni aibu kusema, lakini roho ilimtulia, na kitabasamu kikamtoka.

"Unacheka?" Magreti akauliza.

"Si umesikia? Hata yeye wasingemlipa!"

Magreti alikuwa na mchele uliolowa kiganjani. Akautupa chini. "La Octavian ni kavu, Baba Gerald," akasema, akamwacha pale.

Mchana Octavian akafika kutoka Mikumi na Noah yake kuukuu, kioo kipya, na kamba ya kuvutia gari. Hakuna alichomkumbusha mtu. Alisema pole, akafunga kamba, akampisha Magreti siti ya mbele. Donati akaingia kwenye gari lake lililokufa, akakalia siti iliyolowa, akashika usukani.

Wakavutwa hivyo kupita katikati ya mji, watu wakitoa pole kutoka vibarazani. Magreti hakugeuka nyuma hata mara moja. Kamba ilikuwa nene, ya buluu, mpya kabisa. Donati aliitazama njia nzima, na kabla hawajafika gereji alikwisha kuamua: lazima amuulize Octavian aliinunua wapi.