Ngozi ya Pampu

Mwaka 1954, pampu ya kutoa maji katika mgodi wa madini ya risasi karibu na Mpanda ilivuja kila wiki, mpaka fundi Evodi alipoondoa mpira wa kuzibia ndani yake akaweka ngozi ya mbuzi iliyolowekwa mafuta ya nyonyo, kama ya mivukuto ya wahunzi wa kwao Ufipa. Miezi minne haikuvuja. Akaomba cheo cha fundi mkuu.

Cheo alipewa mhandisi aliyeletwa kutoka Ulaya, kwa mshahara mara ishirini ya ule wa Evodi.

"Umfundishe kukata ngozi," karani Krispini alimwambia.

"Si ndiye mhandisi?"

"Ndiye. Lakini kukata ngozi hajui."

"Basi analipwa kwa kujua nini, ndugu yangu?"

Evodi alichukua kisu chake, akarudi Ufipa. Mwezi uliofuata ngozi ilichakaa, pampu ikavuja tena, na shimo la mgodi likajaa maji.