Siku Hamad Alipobebwa Akiwa Hai

Hamad Mpemba hakuwa na ndugu Tanga nzima, na hilo halikumsumbua mpaka jirani yake wa Chumbageni alipofariki akazikwa na vibarua, upesi upesi, kama wanaofukia mtaro. Toka siku hiyo usingizi ukampaa. Akaona dawa ni moja tu, aingie Chama cha Manowari cha mtaa wa Mabawa.

Manowari walirithi ngoma ya beni, ile ya gwaride na tarumbeta, kwa babu zao pamoja na vyeo vyake vyote. Walikuwa na Admeri, na Gavana, na Bi Kwini, ingawa manowari yenyewe hakuna aliyewahi kuipanda. Lakini kwa kuzikana hawakuwa na mpinzani. Sharti lao lilikuwa moja: anayetaka kuingia hulazwa kwenye kitanda cha kamba akazungushwa mtaani mabegani. Wakimtua njiani, basi, hawamuwezi, akatafute chama kingine.

Na Hamad, jamani, alijaliwa mwili. Mwaka ule wa foleni watu walikonda kwa unga wa njano wa msaada, yeye sijui alikuwa akila nini.

"Shikamoo, Admeri," alisema. "Mie tangu juzi sijala, ili niwe mwepesi."

"Marahaba. Haikusaidia," akajibu Admeri Yakoub, akilitazama tumbo.

Wakambeba hivyo hivyo. Jua lilipokuwa kali Bi Kwini Mwatumu akamwonea huruma, akamfunika khanga gubigubi. Mtu na akili zake! Wapita njia wakaacha shughuli zao, wakaja kupokezana kubeba. Hamad ndani ya khanga akasikia watu asiowajua wakimwombea maghufira, machozi yakamlengalenga.

Mbele ya duka la kaya, la mgao, mtu akasema sukari imeingia. Kitanda kikatuliwa puu. Admeri ndiye aliyetangulia kutimka, kufuata kadi yake ya mgao nyumbani, na wenzake nyuma yake.

Hamad akabaki katikati ya barabara, roho inamuuma. Ndiyo basi tena, atafukiwa na vibarua. Kisha akakumbuka kwamba na yeye ana njaa, akainuka na khanga yake kichwani akaenda kupanga foleni.

Foleni kuona maiti imesimama nyuma yao ikatawanyika, kandambili zikabaki peke yake. Muuza duka alikuwa amepanda juu ya kaunta.

"Nipe yangu," Hamad akasema kwa upole, "na ya Manowari wote."

Muuza duka akapima huku akisoma Ayatul Kursiy, wala hakuuliza kadi.

Manowari waliporudi, mmoja mmoja, wakitazama chini, walimkuta Hamad amelala tena kitandani, sukari ya chama kizima iko juu ya tumbo lake.

"Sharti ni sharti," Admeri akasema kwa unyonge. "Tumekutua."

"Haya. Mie naenda zangu na mzigo wangu."

Bi Kwini Mwatumu akamkazia Admeri macho. "Yakoub, shika mguu wa kitanda."

Wakambeba mpaka klabuni, mzito kuliko mwanzo, na hakuna aliyethubutu hata kupunguza mwendo. Kwao Pemba mama yake alikuwa akimuuliza katika kila salamu, huko ugenini atakuzika nani. Leo Hamad alikuwa na jibu. Watamzika watu hawa hawa, waliokuwa wakihema na kumsonya njia nzima kwa unene wake.