Ndovu wa Karatasi

Miaka ile Zambia ilikuwa bado na meno ya maziwa, na shule ya akina Mubanga, kando ya barabara ya Kasama, iliishia darasa la nne. La tano lilikuwa misheni, nafasi moja tu, na Mubanga aliitaka hadi akawa anaiota mchana.

"Wewe na Kasuba mmefungana alama," alisema Mwalimu Chisanga. "Kesho anakuja mgeni na picha zake. Atakayezisoma vizuri ndiye atakayekwenda."

Kasuba alikuwa binti wa shangazi yake Mubanga, na kwa Wabemba binamu wa namna hiyo ni mtani mpaka kaburini, huitana mume na mke.

"Mume wangu," alimwambia, "nikifika misheni nitakuletea sabuni. Na wewe uoge."

Kesho yake mgeni, na Kibemba chake cha kuchechemea, akatandaza karatasi yenye picha. Mwindaji kainua mkuki, mbele yake paa. Katikati yao, kilimani, ndovu mdogo kama panya.

"Anamlenga nani?"

"Paa," Kasuba akajibu, hajaketi hata vizuri.

Mubanga aliiinamia karatasi. "Ndovu."

"Kwa nini?"

"Huyu ni mtoto, bwana. Mama yake hayuko mbali, atakuja mbio. Nani mwenye akili atahangaika na paa?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaandika jina la Kasuba.

Mubanga alitoka nje na waya zake za kutengenezea magari ya kuchezea. Akakunja mwindaji, paa na ndovu mtoto, akawapanga mchangani. Kisha akamkunja mama, mkubwa kama kuku, akamsimamisha mbali kule kwenye kichuguu. Akalala kifudifudi, jicho nyuma ya mwindaji.

Moyo ukamruka. Kule mbali mama alikuwa mdogo kuliko paa!

"Kumbe ndiye yule wa kwenye picha!" alipiga kelele. "Mwalimu! Si mtoto! Yuko mbali tu!"

"Umechelewa, mwanangu," Mwalimu akasema dirishani, kwa upole.

Kasuba akaja, akalala kando yake, shavu vumbini, akachungulia.

"Mume wangu," akasema, "ndovu wako ana miguu mitano."

"Huo mkonga, mjinga wewe!"

Wakacheka mpaka wakapaliwa.

Januari Kasuba alikwenda misheni. Mubanga alilia nyuma ya ghala wiki nzima, na hilo hakumwambia mtu. Lakini leo, mvi zimejaa, ukimuuliza angependa arudishiwe nini, hataji nafasi ile. Anautaka mchana ule, dakika tano tu, na yule mjinga wake pembeni.