Ukungu wa Robo ya Tatu

Kaka yangu Rohan amevaa jezi namba arobaini na moja kwa miaka kumi na mmoja, na mlango wa kabati lake katika chumba cha wachezaji bado ni mtupu. Kwetu Wirrabeen, ukicheza mechi moja tu ya timu ya kwanza, hata ukiingia dakika mbili ukatoka, jina lako linaandikwa kwa rangi kwenye mlango wa kabati la namba yako, na halifutwi tena. Iko milango yenye majina kumi na tano, baba, mtoto na mjukuu. Wa Rohan una alama ya kiatu chake tu, ya siku aliyoupiga teke. Mechi zake zote, mia moja themanini na kitu, ni za akiba, yaani timu yetu ya pili.

Jumamosi ya raundi ya mwisho alikunywa chai akiwa amesimama.

"Pohlner yuko hospitali na mkewe," akaniambia. "Uchungu ulimwanza jana. Asipofika kabla ya king'ora cha mwisho cha akiba, naingia mimi."

"Nani kasema?"

"Lyle mwenyewe." Lyle ndiye kocha wa timu ya kwanza, na Pohlner ndiye anayecheza nafasi ya Rohan huko. "Kanipigia simu. Hajawahi kunipigia simu, Merrin. Nilidhani anataka kuazima trekta."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa anafunga goti lake la kushoto bandeji, polepole, akizungusha na kulainisha kila mkunjo kwa kidole gumba. Ana miaka thelathini na miwili, na alishasema kwamba mwaka huu ukiisha na yeye amekwisha. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Akiba hucheza kwanza, watu wakiwa bado wanapanga magari yao kuzunguka uwanja, na timu ya kwanza hufuata saa nane. Sheria ya ligi yetu ni kwamba aliyecheza akiba zaidi ya nusu ya mechi haruhusiwi kugusa mechi ya timu ya kwanza siku hiyo. Basi mtu anayewekwa tayari hucheza robo mbili kati ya nne, anatolewa, anavaa suti ya mazoezi na kungoja. Akihakikishiwa kwamba hahitajiki, anaweza kurudi kuwasaidia wenzake. Asipohakikishiwa, anakaa tu, miguu inapoa.

Mimi kazi yangu ni ubao wa magoli. Ni kibanda cha mabati juu ya tuta la udongo, nyuma ya goli la upande wa reli. Unapanda ngazi, unakaa kwenye kreti, na kila timu inapofunga unatundika namba za bati kwenye misumari. Mpira wetu hudakwa kwa mikono na kufungwa kwa mguu, na goli ni pointi sita. Mpira ukipita kati ya nguzo ya goli na nguzo fupi ya pembeni ni pointi moja. Watu husema ni kazi ya upweke. Mimi naona ni kazi ya kutazama, na kutazama sichoki.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umelala uwanjani kama maziwa kwenye bakuli, na mimi nilikuwa juu yake. Niliona mapaa ya magari, maghala ya nafaka, nyaya za umeme, na barabara ya lami inayotoka mjini ikivuka reli na kupita katikati ya mashamba ya ngano changa. Wachezaji niliwaona kuanzia kifuani, na mara nyingine sikuwaona kabisa. Mpira ulichomoza kutoka kwenye weupe, ukageuka hewani taratibu kama samaki, ukazama tena. Goli la mbali nilihesabu kwa masikio: likifungwa na wetu, magari ya kwetu yalipiga honi, honi nzito za malori ya ngano. Wakifunga Kurnalla, wapinzani wetu, upande wa pili ulilia kwa sauti nyembamba.

"Nani kafunga, Merrin?" akauliza Bi Nola kutoka kwenye gari lake lililo chini ya tuta langu. Yeye huja na chupa ya chai na blanketi, na hashuki garini hadi jioni.

"Sisi."

"Nimekuuliza nani."

"Mikono miwili tu nimeiona, Bi Nola."

"Mikono mirefu?"

"Mirefu."

"Basi ni kaka yako," akasema, akapiga honi peke yake, akiwa amechelewa dakika nzima.

Alikuwa kaka yangu kweli. Robo mbili hizo Rohan alicheza kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Kila mpira mrefu uliopigwa kuelekea kwake, mikono yake ilikuwa imeshafika pale unapoangukia. Hadi mapumziko tulikuwa mbele kwa pointi ishirini na saba, na tulihitaji ushindi ule, kwa sababu akiba wetu walikuwa nafasi ya sita na zinazoingia hatua ya fainali ni timu tano.

Katika mapumziko, wachezaji walikusanyika karibu na tuta. Trewin, kocha wa akiba, alimshika Rohan bega.

"Toka, mzee. Kanawe uso, vaa vizuri. Leo wewe ndiye bwana harusi."

"Usitusahau huko juu!" akapiga kelele mmoja.

"Mwambie Lyle taulo zetu zina matundu!"

"Hata kiatu chako cha kulia kina harufu ya akiba, kaka, hawatakupokea!"

Akacheka nao, akawapiga makofi ya mgongoni mmoja mmoja. Halafu wakaingia kwenye ukungu na yeye akabaki nje.

Robo ya tatu ilipoanza, alikuja chini ya ubao wangu akiwa amevaa suti ya mazoezi ya timu ya kwanza. Ilikuwa mpya, mistari ya mkunjo ikiwa bado mikononi.

"Barabara inasemaje?" akauliza.

Nilikuwa nimeshaitazama. Dakika mbili kabla yake niliona gari jeupe la Pohlner, lenye kizimba cha mbwa nyuma, likipanda pale barabara inapovuka reli. Lilitokeza juu ya ukungu, likakaa hapo kidogo kama mashua bila maji, halafu likakata kushoto, likaingia uani kwa bibi yake Pohlner, karibu na maghala. Mlango ukafunguliwa. Mtu mrefu akashuka, akainua mikono yote miwili juu, na bibi yake, mwanamke mzee mwenye umbo dogo, akatoka mbio akiwa na aproni. Nikajua mtoto kazaliwa, mama yake ni mzima, na Pohlner atacheza. Angeacha vipi?

Nilimtazama Rohan. Alikuwa ameinua uso kwangu, na uso ule sikuwa nimeuona tangu tukiwa wadogo.

"Ukungu tu," nikasema.

"Ukungu tu," akarudia, kama vile nimempa kitu mkononi.

Akaanza kutembea kandokando ya uzio. Hakuwa anakwenda popote. Alipita mbele ya magari, na watu wakashusha vioo.

"Rohan! Leo ni leo?"

"Huenda."

"Tutakupigia honi hadi betri zife!"

Aliitikia kwa kuinua kidole kimoja, kama wale wa timu ya kwanza wanavyofanya, wasiojisumbua kuinua mkono mzima. Ukungu ulimmeza hadi kiunoni, suti yake ya bluu ikawa inaelea. Alifika pale uzio unapopinda, akageuka, akapeleka mguu mbele polepole na kupiga mpira usiokuwepo, akaufuata kwa macho mpaka ulipotua. Nadhani ulipita katikati. Nilisikia honi upande wa pili na kwa muda nikadhani ni zake.

Zilikuwa za Kurnalla. Nilitundika sita. Baadaye sita nyingine, na nyingine tena. Kijana wetu mmoja alibebwa nje akishika paja, na hatukuwa na wa kumbadilisha, tukabaki kumi na saba uwanjani dhidi ya kumi na wanane.

Trewin alikuja mbio kwenye uzio. "Rohan! Pohlner vipi? Amefika?"

Rohan akainua macho kwangu. Trewin naye akainua macho kwangu. Nilikuwa na bati la namba tatu mkononi, baridi kama barafu.

"Sioni mtu barabarani," nikasema. Na barabarani, kwa kweli, hakukuwa na mtu.

"Basi kaa," Trewin akamwambia. "Kaa, usije ukaharibu. Tutajikokota."

Mapumziko mafupi kabla ya robo ya nne nilijiambia nitashuka. Niliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Rohan alikuwa ameketi juu ya boneti la gari la Bi Nola, naye Bi Nola alikuwa amempa kipande cha keki ya tangawizi, na yeye alikuwa anamweleza jambo kwa mikono, namna ukuta wa watu unavyosikika ukiwa katikati, wakati kwenye akiba husikii ila magari machache na mbwa. Alisema hayo kama aliyekwishakuwa pale. Niliurudisha mguu juu.

Tulikuwa mbele kwa pointi nne.

Robo ya nne sikumbuki vizuri. Nakumbuka mabati. Nakumbuka mipira mirefu ikipigwa kuelekea pale ambapo Rohan angekuwepo, ikitua kwenye nyasi tupu, na mikono ya Kurnalla ikiichukua. Zikiwa zimebaki dakika kama nane hivi, gari jeupe lilitoka kwa bibi yake na kuingia barabarani, likija bila haraka, taa zikiwaka. Sasa nilikuwa nimechelewa hata kusema. Rohan alikuwa amegeukia uwanja, mikono kwenye mifuko, na alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anawaita wenzake kwa majina ndani ya ukungu, "Nyuma yako! Nyuma!" na hawakumsikia.

King'ora kilipolia nilikuwa nimemaliza kutundika namba ya mwisho. Tulishindwa kwa pointi moja.

Kabla watu hawajafikiria jambo hilo, Pohlner alitembea kutoka kwenye magari, mkoba begani, macho mekundu, nywele zimesimama.

"Msichana!" akasema kwa sauti. "Kilo tatu na nusu, ana mapafu kama king'ora!"

Honi zikalia kutoka pande zote, hata za Kurnalla. Watu walimkumbatia. Lyle alimwuliza kama ameweza kulala, akajibu amelala saa moja kwenye kochi la bibi yake, na Lyle akasema inatosha. Rohan alikwenda akampa mkono.

"Hongera, baba mtoto."

"Asante, kaka. Samahani, nimekuweka roho juu?"

"Hapana," Rohan akasema. "Twende, utachelewa kuvaa."

Nilishuka ngazi. Nilimkuta nyuma ya kibanda, anavua suti ile na kuikunja kwa kufuata mistari yake ileile.

"Niliona gari lake," nikamwambia.

"Lini?"

"Mwanzo wa robo ya tatu. Lilivuka reli, likaingia kwa bibi yake."

Aliiweka suti juu ya kreti.

"Trewin aliniuliza," akasema. "Ulisikia akiniuliza."

"Nilisikia."

"Ningerudi ndani. Robo na zaidi, Merrin. Na goti zima."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Ulikuwa unatembea vizuri," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi kwa mbali. Kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikuwa cha kumfurahisha yeyote. "Pointi moja," akasema. "Wale ndani wanalia taulo nyusoni. Pointi moja."

Akaenda kwao. Mlango ulikuwa wazi na nilimwona akiketi kwenye benchi katikati yao, bado na bandeji yake, na Trewin akimpa chupa ya maji. Sikujua kama aliwaambia. Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi yote hakuzungumza nami, wala Jumapili. Jumatatu alisema chumvi, nikampa chumvi. Nilingoja. Kungoja nakuweza.

Alhamisi jioni alichukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi? Msimu wenu umekwisha."

"Timu ya kwanza imeingia fainali. Lyle anataka watu wa kufanyia mazoezi." Alifungua mlango wa gari, akakaa, akaacha mlango wa upande wa pili wazi. "Unakuja au?"

Taa za uwanja zilikuwa zimewashwa na ukungu ulikuwa unaanza kuinuka kwenye nyasi, mwembamba, hadi vifundoni. Akiba sita saba walikuwa wamejitokeza, wale waliokwishakuwa huru kwenda kuvua samaki au kukaa nyumbani. Kazi yao ilikuwa kushika mito mikubwa ya kugongwa, na wale wa timu ya kwanza wanawajia mbio. Pohlner, ambaye tangu mtoto azaliwe hajalala vya kutosha, alimjia Rohan mara tatu na mara tatu akaketi chini.

"Amka, baba mtoto!"

"Huyu kaka yenu ni mti!" Pohlner akalalamika. "Nani kampanda hapa?"

Walipopewa maji, Rohan alikuja kwenye uzio nilipokuwa. Alikunywa, akafuta kidevu.

"Nikuulize kitu," akasema. "Na leo uniambie kweli."

"Uliza."

"Ile robo ya tatu. Nilivyokuwa natembea. Nilifanana nao?"

Niliwatazama kule katikati, Pohlner na wengine, wakitemeana maji, wakivuta soksi, wakipiga miayo. Nilitazama mpaka nikawa na hakika.

"Hapana," nikasema. "Wao hawatembei hivyo. Wao hata hawajui kama wanatembea."

Alilifikiria lile. Sikuona kama limemuuma au limempendeza, ila alikaa nalo, chupa mkononi, akitazama upande ule ule niliotazama mimi. Lyle alipiga filimbi, akaita mtu wa kusimama mbele ya Pohlner, na hakuwepo mwingine mwenye mwili wa kutosha. Rohan alinirudishia chupa, akaweka goti lake sawa kwa mkono, akarudi kuushika mto.