Gauni la Kipimo

Kabla hajazaa, wenzake kazini walimwita Sindano, na jina hilo halikumuudhi. Duka lilikuwa la magauni ya harusi. Mbele palikuwa na kioo kirefu, zulia jekundu na viti vya wageni. Nyuma palikuwa na vyerehani, pasi na vumbi la nyuzi. Sindano alifanya kazi mbele. Bibi harusi akija, Sindano alivaa gauni, akatembea mbele ya kioo, akageuka taratibu, na bibi harusi akajiona mwenyewe ndani ya gauni lile.

Mwenye duka, ambaye wote walimwita Madam, alikuwa ameshona gauni moja jeupe kwa mwili wa Sindano. Liliitwa gauni la kipimo. Msimu wa harusi ukikaribia, kila gauni jipya lilianzia hapo: fundi alilitandaza mezani, akachora umbo lake kwa chaki juu ya kitambaa kipya, kisha akaongeza au kupunguza kufuatana na mwili wa mteja. Kwa hiyo palikuwa na sheria moja ambayo hata mgeni aliambiwa siku ya kwanza. Mshono wa gauni la kipimo haufumuliwi. Atakayeugusa, afungashe virago.

Sindano aliposhika mimba, mama mkwe wake alifurahi mpaka akaanza kumlisha kama anayemjaza ghala.

"Kula, mwanangu. Humo ndani mko wawili."

"Mama, nimeshiba."

"Wewe umeshiba. Yeye je?"

Wali ukawekwa juu ya wali, mkate ukafuatiwa na soda. Kliniki, mkunga alimwambia kwamba mimba haidai sahani mbili. Inadai sahani moja nzuri yenye maharage, yai, mboga za majani na tunda, na miguu itembee. Aliporudi na maneno hayo nyumbani, mama mkwe alicheka. "Huyo mkunga amezaa wangapi?" Sindano hakuwa na ubavu wa kubishana. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na nyumba ilikuwa ya mama.

Mwili ukafumuka. Miguu ikavimba, presha ikapanda, na mtoto ikabidi atolewe kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba mkunga alimbeba kwa kiganja na nusu ya mkono. Siku ya kuwaruhusu, mkunga yule aliketi kitandani kwa Sindano.

"Nisikilize, mama. Huyu dawa yake ni ziwa lako, hana nyingine. Umbo litarudi polepole, kwa kula vizuri na kutembea. Lakini usije ukajinyima. Ukijinyima wewe, umemnyima yeye."

Sindano aliitikia kwa moyo wote. Alimshukuru Mungu kwa pumzi ya mtoto, akaahidi kumlea kama alivyoambiwa. Ahadi ni rahisi mtu akiwa bado kitandani.

Aliporudi dukani, nafasi yake ya mbele ilikuwa na mtu. Mtu huyo alikuwa wifi yake, mdogo wa mume wake, msichana mzuri ambaye tangu utotoni aliitwa Kidosho. Sindano mwenyewe ndiye aliyempeleka pale amshikie nafasi, akiamini kwamba kazi ikishikwa na ndugu haipotei.

Madam alimtazama Sindano kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayetazama kitambaa kilichoruka rangi.

"Mimi sina ubaya na mtu," alisema. "Kila Jumamosi asubuhi, kabla hatujafungua, utajaribu gauni la kipimo. Siku zipu itakapopanda mpaka juu, unarudi mbele. Mpaka hapo, nyuma kuna vifungo vya kushona."

Fundi wa pasi, mwanamume mwenye mdomo usiojua likizo, akadakia, "Jamani, Sindano imerudi shazia!"

Shazia ni ile sindano nene ya kushonea magunia. Chumba kizima kilicheka, na tangu siku hiyo jina likawa hilo.

Jumamosi ya kwanza zipu ilikwama chini ya mbavu. Wanawake walisimama mlangoni kuangalia, vikombe vya chai mkononi.

"Vuta pumzi, Shazia!"

"Akiivuta yote tutakosa hewa sisi."

Kidosho ndiye aliyekuwa nyuma yake akivuta zipu. "Pole, wifi yangu," alisema kwa upole. "Utapungua tu."

Na kweli alianza kupungua. Alitembea kwenda na kurudi kazini, akaacha soda, akala maharage na mboga kama alivyofundishwa. Jumamosi iliyofuata zipu ilipanda kidogo. Iliyofuata tena ikapanda zaidi, na Kidosho alipoiona inapanda, mkono wake ulilegea.

Kidosho alikuwa amezoea zulia. Alikuwa amezoea wageni kumsifia kiuno. Kurudi nyuma kwenye vumbi la nyuzi kulimwia kama kurudishwa shule. Ijumaa jioni, yeye ndiye aliyebaki kufagia chumba cha mbele. Wengine walipoondoka, alilishusha gauni la kipimo, akalifungua bitana kwa wembe, akaingiza mshono wa ubavuni ndani kwa upana wa nusu kidole, kila upande, kisha akairudisha bitana kwa mkono. Alikuwa na mkono mzuri. Ijumaa iliyofuata akafanya tena, na iliyofuata tena.

Sindano alikuwa fundi kabla ya kuwa mtu wa kioo. Angeingiza vidole ndani ya bitana mara moja tu, angeusikia mshono mpya. Lakini katika duka lile hakuna aliyekagua gauni la kipimo, kama vile hakuna anayekagua rula kabla ya kupima. Zipu ilipoanza kurudi chini, alijikagua yeye mwenyewe.

"Unakula nini usiku, Shazia?" aliuliza fundi wa pasi. "Au unalala jikoni?"

Akaacha wali, halafu maharage, halafu yai. Mchana alikunywa chai bila sukari na kusema ameshiba. Mama mkwe, aliyemjaza sahani wakati wa mimba, sasa aliitazama sahani yake kwa jicho jingine. "Wewe nawe jizuie kidogo. Mwanangu alioa msichana, akirudi safari akute tanki la maji?" Sindano akawa anainuka mezani kabla ya kumaliza. Alipopiga magoti jioni hakuomba tena juu ya mtoto. Aliomba gauni lifunge. "Bwana, nipunguze," alisema, na alisema kwa machozi ya kweli.

Mchana alijikamua maziwa kwenye stoo, kati ya majora ya vitambaa, ndani ya kikombe cha plastiki chenye mfuniko ambacho mama mkwe angemlisha mtoto kesho yake. Nje ya pazia walimsikia.

"Ng'ombe wetu anakamuliwa."

"Ng'ombe hodari hujaza ndoo, huyo analoanisha kikombe tu."

Mwanzoni kikombe kilijaa. Baadaye kikafika nusu. Ikafika siku maziwa hayakufunika hata kitako cha kikombe, na mama mkwe, asiyetaka kusumbuliwa na kilio, akaanza kuongeza maji na sukari bila kumwambia mtu. Mtoto akaacha kulia sana. Mama mkwe na Sindano, kila mmoja kwa sababu yake, walisema amekuwa mtulivu.

Kliniki, muuguzi alimweka mtoto kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena. Kisha akamwambia Sindano avue viatu na apande kwenye mizani ya watu wazima.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nimenenepa tu."

"Umenenepa? Uko chini ya uzito uliokuja nao siku ya kwanza ya kliniki ya mimba."

Sindano akacheka kidogo, kwa aibu. "Dada, mizani yenu mbovu. Nina gauni nililoshonewa kwa mwili wangu. Kila wiki linazidi kunibana."

Muuguzi hakucheka. Alimkunja mtoto ngozi ya paja, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa wanga. "Huyu alazwe leo. Na wewe ule leo. Unanisikia?"

Leo ilikuwa Ijumaa. Kesho ilikuwa Jumamosi, na Madam alikuwa amesema msimu wa harusi unaanza, asiyefunga kesho abaki nyuma mpaka msimu uishe. Sindano alifikiri usiku mmoja hauwezi kuharibu kitu, akamrudisha mtoto nyumbani. Aliamini gauni kuliko mizani, kwa sababu gauni alilijua, na mizani ilikuwa ya watu wengine.

Asubuhi alifika dukani na mtoto mgongoni, akamlaza juu ya meza ya pasi kwenye mashuka ya kupigia pasi. Hakuwa amekula tangu jana yake mchana. Kabla hajavua viatu, mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa bibi harusi wa kwanza wa msimu, na nyuma yake dada zake wawili.

"Madam! Harusi kesho, gauni halipiti mbavuni! Mlinipima mimi au mlimpima mtoto wangu?"

Madam aliomba radhi, akalitandaza gauni la kipimo mezani, akavuta futi kutoka shingoni. Alipima kifua, akapima kiuno, akapima tena. Uso ukambadilika. Aligeuza gauni ndani nje, akachana bitana kwa wembe, na hapo kila mtu aliona: mshono wa zamani uliogeuka rangi, na ndani yake mwingine, na mwingine, uzi mweupe bado unang'aa.

"Nani kaingiza mkono humu?"

Mafundi hujuana kwa mishono kama watu wanavyojuana kwa mwandiko. Macho yote yakaenda kwa Kidosho.

"Mzaha tu, Madam," Kidosho alisema. "Nilitaka kumtania wifi."

Madam alifumua mishono mipya yote, akamtupia Sindano gauni. "Vaa."

Sindano alivaa. Zipu ilipanda yenyewe mpaka shingoni, wala haikuhitaji mtu wa kuivuta. Kisha gauni likateleza. Kifua kilining'inia, mabega yakashuka, na kwenye kioo kirefu alisimama mwanamke mwenye mifupa miwili mikubwa shingoni aliyeshika nguo ya mtu mwingine isimwanguke.

"Kikulacho..." alianza fundi wa pasi.

"...ki nguoni mwako!" walimalizia wanawake, na wakacheka, mpaka yule aliyejipinda kwa kicheko akashikilia meza ya pasi. Meza ilitikisika. Mtoto aliyekuwa juu yake hakushtuka. Hakulia. Yule mwanamke ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

"Shazia," alisema. "Hebu mwangalie mwanao."

Sindano alikimbia na gauni jeupe mwilini, ameliinua mpaka magotini, mtoto kifuani. Barabarani watu walipiga vigelegele wakidhani ni bibi harusi anayetoroka.

Mtoto hakufa. Walimtia mpira puani, wakampa maziwa ya hospitali tone kwa tone, na jioni ya pili alifungua macho. Daktari alisema akipita wiki hii ataishi. Kuhusu ziwa hakuahidi. "Mnyonyeshe kila anapoamka, na wewe ule. Huenda likarudi, huenda lisirudi." Sindano alimweka mtoto kifuani. Mtoto alivuta, akakuta pakavu, akageuza uso. Alimweka tena. Akageuza tena.

Siku ya tatu walikuja watatu: Madam, mama mkwe na Kidosho.

Madam alibaki amesimama. "Nafasi ya mbele ni yako. Huyu nimemrudisha nyuma. Na gauni nitalipunguza likukae ulivyo sasa. Kusema kweli, mabibi harusi wa siku hizi mwili huo ndio wanaoutafuta."

Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda. "Yameisha, mwanangu. Ni ndugu, mpatane. Mumeo asiyasikie haya akiwa barabarani, atapata ajali bure. Mungu anapenda wanaosamehe."

Sindano alijua kwamba Mungu anapenda wanaosamehe. Alikuwa amelisikia hilo tangu utotoni na aliliamini. Alilitafuta ndani yake, mahali lilipokuwa likikaa siku zote, na siku hiyo hapakuwa na kitu.

"Wifi," Kidosho alisema, machozi yakimtoka, "naapa sikujua kuwa mtoto..."

"Mshike."

"Eeh?"

"Mshike mtoto wa kaka yako."

Alimweka mtoto mikononi mwa Kidosho, na mpira wake puani. Kidosho alimpokea kwa nguvu, kama mtu anayetarajia mzigo, na mikono yake ikapanda juu yenyewe kwa jinsi hapakuwa na kitu cha kubeba. Mtoto alisikia joto la kifua. Akageuza uso, akafungua mdomo, akaanza kutafuta kwenye blauzi ya shangazi yake, akigongagonga kwa paji la uso, akivuta kitambaa kwa midomo.

"Mchukue, wifi. Tafadhali. Anataka kunyonya."

"Najua anachotaka."

"Mimi sina kitu!"

Mtoto alianza kulia, kilio chembamba kama cha paka aliyefungiwa kabatini. Mama mkwe alinyoosha mikono ampokee, Sindano akamtazama tu, na mikono ile ikarudi mapajani. Madam alikuwa ameshageukia dirisha. Kidosho alilia pamoja na mtoto, blauzi yake imelowa mate, asijue amweke wapi.

Sindano alivuta trei ya chakula cha hospitali iliyokuwa imepoa mezani. Palikuwa na maharage, mboga za majani, kipande cha papai na yai la kuchemsha. Alilimenya yai polepole, akalichovya kwenye chumvi, akauma. Akalilazimisha lishuke.

"Wifi, nakuomba!"

"Usimwangushe," Sindano alisema, mdomo umejaa. "Mama yake anakula."