Kilo Thelathini na Nne

…na hii iliyotoka na gari kiwandani ni chuma kitupu, anasema Mutiso fundi, ameikumbatia springi ya nyuma, mabamba matano yaliyobanwa pamoja, jasho linamtiririka, hebu shika mwenyewe, Nuh, kisha ushike hii mpya, usikie tofauti, na Nuh amenyoosha mikono miwili kama anayepokea mtoto, mtoto, astaghfirullah, hata jina hakupata, alizikwa na mama yake, Fosia, kaburi moja, miezi saba sasa, na tangu siku hiyo Nuh hana kazi nyingine ila kuipunguza uzito hii pikapu, bampa la chuma katoa, keria katoa, leo springi, "bunguza tu, fundi, kila kilo," alimwambia Mutiso asubuhi, kwa sababu gari ndilo lililomuua mke wake, gari zito, lilizama kwenye mchanga wa laga, mto mkavu, kule mbele ya Bura, magurudumu ya nyuma mpaka ekseli, na Fosia ndani anavuja damu, hospitali ya Garissa wamefika jua limekwisha kuzama naye amekwisha kupoa, na kila aliyekuja kutoa pole alisema hivyo hivyo, gari zito, kadari ya Mungu, naye akaitikia, gari zito, akaitikia mpaka akaamini… "Kilo thelathini na nne tumetoa, pande zote mbili," Mutiso anasema, "lakini mzigo usahau, ndugu yangu, hii si ya kubeba mapipa," mapipa, kwa nini aseme mapipa, nani kamwambia, hapana, hajui kitu, anaongea tu, pikapu gani ya huku haibebi pipa la maji, na siku ile lilikuwamo, haya moyo, sema, lilikuwa nyuma, lita mia mbili, limejaa pomoni, alikuwa anawapelekea mbuzi malishoni akamkuta Fosia amelala kivulini, gauni limelowa damu, akambeba akampakia mbele, na wakati wa kushusha pipa haukuwepo, hilo halina lawama, lakini pale kwenye laga wakati ulikuwepo, kufungua kifuniko tu na kulilaza pipa, dakika tano, naye akapiga magoti akachimba kwa mikono, saa mbili nzima, kwa sababu mvua ilikosa misimu mitatu na mbuzi sitini walikuwa siku ya nne bila tone, na mwana wa mfugaji hamwagi maji mchangani, afadhali amwage damu, ndivyo alivyolelewa, ee Mola, na damu ikamwagika, na maji yale mbuzi waliyanywa kesho yake, yote, hawakubakisha hata tone… kilo thelathini na nne! unatoa thelathini na nne, na mia mbili ziko wapi, Nuh, unamdanganya nani, gari halina ulimi, ndiyo maana ukalisingizia, lakini Fosia alikuwa na ulimi, alisema pale dirishani kwa sauti ndogo, mwaga maji, Nuh, na wewe ukasema subiri, tunakaribia kutoka, akasema tena, mwaga, halafu hakusema tena… na Hooyo Faduma, mama yake Fosia, anawasimulia watu mkwe wangu alichimba mpaka kucha zikang'oka, anamwombea dua kila baada ya swala, anamwekea maziwa ya ngamia, naye huyapokea, miezi saba anayanywa na kufuta mdomo, anaona haya, "Nuh, aki hii kitu ni nzito, unashika ama hushiki?" sauti ya Mutiso inatoka mbali, na mikono ya Nuh bado imenyooka, mitupu, atamwambia leo, kabla ya magharibi, atakaa chini mbele ya yule mama, amlaani akitaka, amfukuze akitaka, lakini atamwambia, lilikuwepo pipa, Hooyo, aliniomba nimwage, aliniomba mara mbili, na mimi nilimsikia.